Matunguu ya Lifeta Kando ya Tshopo

Siku ya kwanza kazini nilipewa koleo, ndoo na kitalu cha udongo mkavu. Ilikuwa kabla ya uhuru, katika bustani ya nyumba ya wageni ya serikali, pale mteremko unaposhuka hadi mto Tshopo. Msimamizi wa Bustani, Mbelgiji mzee, alitukabidhi kila mmoja matunguu matano ya yungiyungi kubwa. Tunguu ni kile kitunguu cha ua kinachokaa ardhini. Haya yalijaza mikono miwili, na kila moja lilikuwa na shingo ndefu. Akatuambia kwa Kingwana chake, yaani Kiswahili cha huku kwetu: "Shingo ibakie inje. Maji mingi. Na mukipanda, muache. Maua hii haipendi kusumbuliwa."

Mwenzangu alikuwa Lifeta, mtu wa mtoni kutoka Isangi. Yeye alipewa kitalu cha chini, karibu na maji. Mimi nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri. Yeye aliniita ndeko, yaani ndugu. Mke wake aliuza samaki, na kila asubuhi Lifeta alileta maji yaliyooshewa samaki akayamwaga kitaluni. Mwaka wa pili matunguu yake yalitoa mashina marefu kama fimbo, na juu ya kila shina maua meupe yenye mistari ya waridi. Yangu yalitoa majani.

Nilizaliwa katika nyumba ya Kiislamu ya hapa mjini, na chuoni tulifundishwa kwamba husuda hula mema kama moto ulavyo kuni. Nililijua hilo kwa moyo. Hata hivyo nilipokuwa nikisali alasiri, harufu ya maua ya Lifeta ilinifikia juu ya mkeka, na moyo ukachemka. Nami nikatafuta maji ya samaki. Nikapata nzi.

Uhuru ulipokuja, Msimamizi alirudi kwao, akaja Mkurugenzi, kijana wetu aliyevaa tai hata penye jua. Alitangaza kwamba atamteua kapita, yaani mkuu wa wafanyakazi wa bustani, siku atakapokagua vitalu. Machipukizi ya maua ya Lifeta yalikuwa yamevimba tayari. Kila mtu alijua kapita atakuwa nani.

Jumapili moja kabla ya ukaguzi, Lifeta akiwa kanisani, nilishuka na koleo. Wallahi sikukusudia kuharibu. Nilitaka kuona tu alichokizika chini: dawa, mfupa, chochote. Nikayainua matunguu yote matano. Niliona matope, na mizizi minene myeupe ikikatika kwenye koleo langu. Nikayarudisha, nikasawazisha udongo kwa bapa la koleo.

Mkurugenzi alipofika, majani ya Lifeta yalikuwa yamelala na machipukizi yameanguka. Akaniuliza sababu. Nikasema labda maji ya samaki yameunguza mizizi. Lifeta alitazama udongo uliopigwa bapa; yeye siku zote aliushindilia kwa viganja. Nikawa kapita.

Kisha vikaja vita vya uasi. Risasi ziliposogea mjini, Lifeta aliamua kushuka na familia yake hadi Isangi kwa mtumbwi. Alipita bustanini kuniaga.

"Ndeko, siku ile ulichimba. Ulipata nini?"

"Matope, yaya."

Akacheka kidogo. "Ni ile tu. Matope, na kuacha. Basi sasa uyaache."

Hakurudi tena, homa ilimchukua huko Isangi. Mimi Mungu alinihifadhi. Vita vilipokwisha, matunguu yale yalichanua tena, na wageni wakanisifu, nami nikapokea sifa. Baadaye nilipelekwa Simi-Simi kupanda maua kando ya uwanja wa ndege, kisha nikarudishwa Tshopo, na kote nikawafundisha wafanyakazi: shingo nje, maji mengi, usichimbe.

Siku ya kustaafu niliomba miche miwili ya matunguu ya Lifeta, wale watoto wanaoota ubavuni mwa tunguu mama. Mmoja niliupanda nyumbani. Wa pili nilimpelekea binti yake, aliyerudi mjini na sasa anauza samaki sokoni kama mama yake, nikamweleza yote niliyomtendea baba yake. Alisikiliza huku akiparua magamba. Hakunitukana. Aliupanda nyuma ya jiko, pale anapomwaga maji.

Mwaka wa tatu, wake umechanua. Wangu una majani.

Namshukuru Mungu kwa umri huu, ila nilipoyaona maua yale, moto ule ule uliwaka kifuani. Nikasema astaghfirullah, nikamwuliza binti anafanya nini.

"Papa Ramazani," akasema, "wewe unafanya nini?"

Nikakiri kwamba nimeufukua mara mbili, kuangalia mizizi.

Akaninawisha mikono kwa maji yake ya samaki. "Keti hapa, papa. Angalia ya baba. Ile ya kwako, usirudi kuigusa."

Tangu hapo kila alasiri nakaa kwake. Koleo nimempa yeye alitunze.