Wembe wa Mama Vifungo

Mimi ni fundi wa nguo za kike, na watu wanaonijua watakwambia mambo mawili: nashona vizuri, na mdomo wangu hauna breki. La kwanza siku hizi sina uhakika nalo. La pili ndilo linalonifanya nikusimulie habari za Mama Vifungo, ingawa kila nikizisema uso unaniwaka.

Chumba chetu kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi. Tumo mafundi wanne, kila mtu na cherehani yake, na dirisha moja tunaloligombania. Mama Vifungo hakuwa na cherehani. Alikuwa nayo miaka thelathini, akaikanyaga mpaka mguu wa kulia ukavimba ukakataa kabisa. Mwingine angekaa nyumbani ahesabu mabati. Yeye alikuja akaomba kona ya mlangoni na kiti kifupi, akawa anatushonea ya mkono: vifungo, matundu yake, pindo za magauni. Asubuhi ndiye aliyefungua mlango na kufagia, wala hakuna aliyemtuma.

Kifuani alichomeka sindano mbili zilizokwisha kutungwa, moja uzi mweusi, nyingine mweupe. Ukipita koridoni kifungo kimekutoka, anakuita: "Njoo hapa, baba, utakwendaje mbele za watu hivyo?" Anakushonea umesimama, nguo iko mwilini, kisha anakusukuma uende zako. Wengi hata asante walisahau. Tulimtania kwamba ipo siku atamshona mtu na ngozi yake, naye alicheka na sisi.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kila fundi anaujua mshono wake. Mimi nikifika mwisho wa mshono narudisha cherehani mara tatu, si mbili wala nne. Ndivyo alivyonifundisha shangazi. Asubuhi moja nikawa nakagua gauni nililolimaliza jana yake, nikapapasa ubavuni, hakuna kurudisha. Kuna fundo la mkono. Nikachukua jingine: kola imefumuliwa, ikarudishiwa kwa sindano. Damu ikanichemka. Kuna mtu anafungua kazi yangu! Kwa nini? Nikajijibu mwenyewe, maana kuuliza wenzangu sikuwa nako. Nikasema huyu ananichimba. Nguo ikimfumukia mteja njiani, jina litakalochafuka ni langu.

Kesho yake nikadamka, nikafika hata duka la rangi halijafunguliwa. Mlango wetu ulikuwa wazi. Mama Vifungo yuko kwenye kona yake, gauni la mteja wangu mapajani, wembe mkononi.

Sikuuliza kitu. Nilianza kusema tu, na nilisema mpaka wenzangu wakaanza kuingia mmoja mmoja, na nesi mwenye lile gauni naye akatokea kulichukua. Nikaona ndiyo raha, mashahidi wametimia. Nilimwambia ana husuda. Nilimwambia kwa kuwa mguu umemtoa kwenye cherehani, ameona na sisi tutoke. Hilo la mguu nililitamka kwa mdomo huu huu. Halafu nikachukua mkebe wake wa vifungo nikauweka nje. Tuseme kweli: sikuuweka, niliutupa, na vifungo vikatawanyika mpaka kwenye ngazi.

Hakujitetea. Aliinama kwa tabu, akaviokota huku akisema, "Haya, mwanangu. Haya." Nesi akamsaidia, na Fundi Suruali, mwenzetu anayekaa nyuma yangu, akatoka akamsaidia pia. Mimi nikakaa kwenye kiti changu nikaendelea na kazi, kichwa kimevimba kwamba nimewaonyesha.

Wiki ile ilirudi blauzi moja. Iliyofuata zikarudi nguo tatu. Moja kitambaa cha bluu nimekishona kwa uzi mweusi, nyingine mkono nimeuweka ndani nje. Nikalaumu taa. Nikalaumu wanaotengeneza uzi. Mwishoni akaja nesi yule yule na gauni jipya la kazini.

"Dada, hii kola uliishona unaangalia wapi?"

Nikaigeuzageuza, nikamwambia sioni kosa. Akaniwekea kidole pale ilipopinda, na bado nikalazimika kuisogeza dirishani. Nyani haoni kundule; mimi hata kola sikuiona.

Nesi alipoondoka, Fundi Suruali akasimamisha cherehani. Ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo akifungua mdomo unasikiliza.

"Dada, macho yako yamechoka. Mwaka mzima sasa unakosea. Yule mama alikuwa anawahi kufika, anafumua, anarekebisha kabla wateja hawajaja. Sote tunajua."

"Mnajua? Na siku ile mkaniacha niseme yote yale?"

"Nilitaka kusema. Alinishika mkono pale koridoni. Akaniambia usimwaibishe mbele ya mteja, anakula kwa kazi hii."

Nilitamani sakafu ipasuke nitumbukie kwenye ndoo za rangi huko chini. Na bado sijakwambia lililo baya zaidi. Macho yangu nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua tangu nilipoanza kuwaomba wateja wanitungie uzi, nikijifanya natania. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeficha mpaka nikajificha mwenyewe. Kumbe niliyekuwa nimemfukuza ndiye aliyekuwa ananisitiri.

Miwani nilikwenda kupimwa siku iliyofuata. Kwenda kwa Mama Vifungo kulinichukua siku nane. Mara naumwa kichwa, mara kazi zimenielemea. Uongo mtupu, nilikuwa naona haya.

Anakaa chumba kimoja, uani. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, mguu ameunyoosha, mbele yake lundo la mashati ya sare kutoka kwa mafundi wengine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umevaa miwani. Imekupendeza."

Nikapiga magoti pale mlangoni, nikaanza kulia kabla sijasema neno. Alinisubiri. Nikamwomba radhi ya wembe, ya mkebe, na ya mguu, hasa ya mguu. Akasema alikwisha kunisamehe siku ile ile, niinuke, nitachafua nguo. Nikamwomba arudi, kona yake ipo, hakuna aliyeikalia.

"Hapana, mwanangu. Nitakaa huku huku."

"Basi hujanisamehe."

"Nimekusamehe. Kurudi ni jambo jingine."

Halafu nikauliza lile lililokuwa linanikera tangu siku Fundi Suruali aliponiambia. "Mama, kwa nini hukuniambia tu? Mwaka mzima unaamka na giza kunifumulia nguo. Neno moja lingetosha."

Akakata uzi kwa meno, akakigeuza kifungo kuona kama kimeshika.

"Nilikwambia. Mara ya kwanza kabisa. Nilikwambia, mwanangu, kola hii imepinda kidogo. Ukakaa wiki mbili hunisalimii." Hakusema kwa hasira, alisema kama anayenitajia bei ya uzi. "Unaingia unanipita pale mlangoni, unatoka unanipita. Na mimi nyumbani sina wa kuongea naye, mazungumzo yangu yote yalikuwa pale kwenu. Nikaona heri nishone ninyamaze, nipate salamu yako."

Akachukua shati jingine. Mimi nilibaki nimepiga magoti, nikiitafuta hiyo kola kichwani. Niliitafuta siku ile, na nimeitafuta tangu hapo, maana nilidhani nikiikumbuka walau nitajua nilikuwa na sababu gani. Wiki mbili nzima nilimnyima mtu mzima salamu, na siikumbuki hata siku moja katika hizo.