Mke Wangu wa Kundi AB

Nilimwambia bibi kwamba damu yake inamla ubongo. Nilisema huku natafuna muhogo wake.

Ilikuwa mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipojaa kijiji cha Kagunga, mpakani, wakawa wanaletwa mjini kwa meli. Hospitali ikaomba damu, na bibi, mzaa mama, akatoka kwetu Gungu kwenda kujitolea. Walimpima, wakamkatalia: umri umekwenda, presha iko juu. Akarudi na vidonge vya presha, kikadi kilichoandikwa AB, na hasira.

Wiki ileile mwalimu wa baiolojia akatuambia kuna watafiti wanaodhani watu wa kundi AB huenda wakasahausahau uzeeni kuliko wengine. Akaongeza kwamba si lazima, na kwamba presha ndiyo adui mkubwa zaidi wa ubongo. Ile nyongeza sikuibeba.

Bibi kwa mjukuu ni mke, ndio utani wetu. Nikamwanza.

"Mke wangu, nimekuoa bila kukupima. Kumbe AB! Ubongo unaliwa, utanisahau hata jina."

"Na wewe kundi gani, mume wangu?"

"O."

"Ziro! Kama ile yako ya hesabu."

Tukacheka. Nikajua yameisha.

Siku si nyingi bibi akainuka kwenye mkeka, kizunguzungu kikamrudisha chini. Mama alipotafuta khanga ya kumfunika, vidonge vikamwagika kutoka kwenye pindo. Vyote.

"Mama, kumbe hunywi dawa?"

"Ninywe ya nini? Damu haibadilishwi. Mume wangu kasoma, kasema ubongo unaliwa."

Mama akanitazama. Nikaitapika ile nyongeza yote: kundi halibadiliki, lakini presha inashuka, na ikishuka ubongo unapona na mengi.

Bibi alinisikiliza kama anayeuziwa samaki migebuka wa juzi. "Mbona siku ile hukuyasema hayo?"

"Hayakuchekesha, bibi."

Tulimpakia bodaboda hadi zahanati. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Wakaishusha taratibu, wakamwambia dawa haiachwi. Tuliporudi mama akamketisha, akanigeukia:

"Si wewe ndiye mume? Basi dawa ya asubuhi utampa wewe, kabla hujagusa uji. Na ukisahau hata siku moja, tutajua hiyo O yako nayo ni ugonjwa."