Mama Anaisifu Sauti Yangu Bila Kujua Ni Yangu

Shikamooni dada zangu na mama zangu wa humu. Admini, jina langu libaki kwako tafadhali. Mimi ni binti wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, naishi Temeke na mama yangu. Mie nina aibu tangu mdogo. Darasani nikiambiwa nisome kwa sauti nilikuwa natetemeka mpaka mwalimu ananihurumia. Mama alishanisukuma sana niingie kwaya ya kanisani, kila mara nasingizia kifua.

Baada ya shule niliona mtandaoni vijana wanatafuta waimbaji wa kwaya ya kwenye simu. Hamkutani. Unatumiwa muziki wa kinanda, unausikilizia sikioni, unaimba sauti yako peke yako, unarekodi na kutuma. Kaka mmoja wa Mwanza anaziunganisha zote. Mama akienda sokoni najifungia chumbani, naimba nimejifunika shuka kichwani. Niliposikia sauti yangu imekaa katikati ya sauti za watu ambao sijawahi kuwaona, nililia. Nikajua na mimi nina wenzangu.

Kipenzi changu mle alikuwa dada nitakayemwita Neema, anakaa Mbezi Beach, anaimba sauti ya pili. Tulikuwa tunatumiana ujumbe wa sauti kutwa nzima. Ndiye pekee niliyemweleza ninavyoogopa watu, na ndiye aliyependekeza niongoze wimbo wetu mpya. Ilipofika kurekodi video nikakataa kuonekana. Neema akasema, "Usijali mdogo wangu, nitasimama mie nichezeshe mdomo. Ukizoea, utachukua nafasi yako." Nilimshukuru sana.

Wimbo ukasambaa. Watu wanamwandikia Neema kwamba ana sauti ya kipekee, Mungu amtunze, na yeye anajibu amina, sifa kwa Bwana. Nikasubiri aseme hata siku moja kwamba anayeimba ni mwenzake. Hakusema.

Kilichonivunja ni mama. Alitumiwa wimbo huo na akina mama wa jumuiya yao, akaniita jikoni tuutazame wote. Machozi yakamtoka. Akasema, "Ona mtoto wa watu, rika lako huyu. Wewe simu yako kazi yake kukuchekesha tu." Nikarudi kuosha vyombo. Sasa anaupiga kila akikaanga maandazi, anaimba akiifuata sauti yangu.

Jumapili hii kanisa letu limeialika kwaya yetu ije kuimba ana kwa ana. Neema anataka nikae nyuma ya pazia na maiki, yeye asimame mbele. Nikamwomba tusimame wote wawili. Akanijibu, "Ulisema mwenyewe huwezi watu. Ukitetemeka pale mbele utatuaibisha wote. Mie nimeshazoeleka." Siri niliyompa ndiyo aliyonifungia nayo mlango. Nikamlalamikia kiongozi wa grupu mbele ya wenzetu, akasema nisilete mgawanyiko kwenye huduma, utukufu ni wa Mungu. Wote wakaandika amina, hata kaka wa Mwanza anayeijua sauti yangu kuliko mtu yeyote.

Nikikataa, wimbo hautaimbika na nitatolewa kwenye grupu, na marafiki wengine sina. Nikikubali, mama atakaa pale mbele anamlilia mtoto mwingine kwa sauti ya mwanawe. Na nikimwambia ukweli naogopa atadhani ni wivu, maana hajawahi kunisikia nikiimba. Juzi nilijaribu kumwimbia. Alipogeuka tu kunitazama, nikajifanya nakohoa.

Mama ameshanyoosha gauni lake la kitenge, anasema ibada ikiisha lazima amkumbatie yule binti. Nyie ambao ni mama, angekuwa ni binti yenu, mngetaka awaambieje? Nielekezeni jamani, kabla ya Jumapili.