Maji ya Kuoga ya Shofere

Nilisomea biashara, shahada ya pili, katika nchi ambayo wanajeshi wake walikuwa wamejaa kwetu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia nilisoma ng'ambo hunipongeza kwanza, halafu wakikumbuka ni miaka gani wanaangalia viatu vyao. Kinshasa wakati ule ilikuwa upande mwingine wa vita. Kutoka Butembo, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ungefika mbinguni kabla ya kufika Kinshasa. Nchi jirani ilikuwa safari ya lori: Beni, Kasindi, mpaka, kisha lami. Wafanyabiashara wetu walikwenda na kurudi hata risasi zikilia, kwa hiyo nilipopata nafasi katika chuo cha kule, hakuna aliyeshangaa. Ili kunilipia ada, baba alikata na kuuza mikaratusi yote ya kilima chetu cha Vuhovi, ile aliyoipanda kabla sijazaliwa, na kilima kikabaki kama kichwa cha mtu aliyetoka hospitali.

Aliyenipeleka ni kaka yangu mkubwa. Alikuwa shofere wa lori la familia. Alipakia mbao Beni, akavuka nazo, akarudi na chumvi, sabuni na mabati. Njia nzima alinitania.

"Butembo muzima batu bako nauza," alisema, "na weye unaenda kulipa juu bakufundishe kuuza."

"Nitakufundisha na weye."

"Mie? Mie nitakuwa patron yako. Utanibebea sakoshi," akasema, akigonga mkoba wake kama bosi wa duka.

Nyumba yetu iko chini ya barabara, mahali inapopinda sana kiasi kwamba anayeshuka hamwoni anayepanda. Kila gari hupiga honi pale. Lakini lori letu lilikuwa na honi yake, ya sauti mbili, ambayo kaka aliinunua ng'ambo kwa majivuno tu na baba akaipigia kelele mwezi mzima. Mama akiisikia, hata akiwa katikati ya sala, aliinuka na kuweka sufuria kubwa motoni. Yalikuwa maji ya kuoga ya kaka. Butembo ni baridi, na mtu aliyetoka Beni anafika na vumbi mpaka ndani ya masikio. Lori lilichukua muda kushuka kwa uangalifu kwenye ule utelezi, likaingia uani, watu wakasalimiana, na hapo maji yakawa tayari. Sijawahi kumwona mama akichelewa.

Chuoni nilifika na Kifaransa cha shule, Kiswahili cha Butembo, na Kiingereza cha kuombea maji ya kunywa. Masomo yote yalikuwa ya Kiingereza. Na Kiswahili changu, ambacho kwetu ni cha soko na kanisa, katika mji ule kilikuwa lugha ya wanajeshi na wezi. Nilipowasalimu wanawake sokoni walivuta mikoba yao karibu. Wiki za kwanza nilikaa darasani nikiandika nilichosikia kwa sauti tu, kisha usiku nikijaribu kukisia kilikuwa na maana gani. Nililia sana. Nilikumbuka kilima cha Vuhovi, nikaona mikaratusi ile imekatwa bure.

Mtu mmoja darasani alijua Kiswahili, na alikuwa afisa wa jeshi lao.

Alikuja darasani na shati safi, bila sare, na kalamu mbili mfukoni. Alinisikia nikijisemea peke yangu, akageuka. "Dada, wewe ni wa Kongo?" Nilipomwambia ni wa Butembo uso ukamfunguka kama aliyekutana na jirani. Alikuwa amekaa Beni muda mrefu, katika nyumba nzuri ya mtaa wa Ruwenzori. Alisema watu wa Beni ni wakarimu sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, lakini wageni hawa walikuja na bunduki na hatukuwaita. Sikusema hivyo. Nilisema, "Ndiyo, Beni ni pazuri."

Akawa mwalimu wangu. Lazima niseme kweli: bila yeye nisingepita hata mtihani mmoja. Baada ya kila kipindi alikaa na mimi kwenye ngazi, akanifafanulia mtaji, faida na hatari kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka kama gwaride, na alikuwa na subira kuliko maprofesa. Alinionyesha picha za watoto wake. Kitu alichokuwa akikitamani kutoka kwetu ni samaki wa Kyavinyonge, kijiji cha ziwani, ngege wa kukaushwa kwa moshi, na kila nilipotoka likizo nilimletea. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Niliubusu, na nilimchukia, na mambo hayo mawili yaliishi ndani yangu bila kugombana.

Muhula wa pili tuliwekwa kundi moja kutengeneza mpango wa biashara. Yeye ndiye aliyetoa wazo: mbao kutoka Beni. Aliandika ubaoni gharama moja moja. Usafiri, kiasi fulani. Mpaka, kiasi fulani. Vibarua, kidogo. Kwenye mstari wa mbao zenyewe aliandika sifuri.

Mwenzetu mmoja, binti wa kule kule, akauliza kama hajakosea.

"Hapana," alisema kwa utulivu. "Ile bidhaa iko tu. Unachukua."

Nilikuwa nimekaa mbele ya ile sifuri. Nilijua msitu ule una wenyewe, na kaka yangu aliwalipa kila safari, kwa pesa au kwa chumvi, akakaa nao akanywa chai. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Lakini hasira haijui Kiingereza, na mtihani ulikuwa karibu. Nilinakili ile sifuri kwenye daftari langu. Mpango wetu ulisifiwa.

Kisha siku moja nikaitwa kwenye duka la mfanyabiashara wa kwetu aliyekuwa na foni, ile redio ambayo wakati wa vita ndiyo ilikuwa simu yetu. Ukizungumza kwenye foni, kila mwenye mashine anakusikia, kwa hiyo watu walizungumza kama wanaotembea juu ya mayai. Nilisikia sauti ya baba, inakuja na kuzama, na kila anapomaliza anasema "À vous," yaani zamu yako.

"Mukubwa yako balimukamata ku bariere, pa kutoka Beni. Yeye na kamyo. À vous."

"Nani balimukamata, baba? À vous."

Foni ikakoroma. Baba akaliruka swali hilo, maana wote wanasikia.

"Tunaenda kuuliza, banatufukuza. Weye uko nasoma nabo. Uliza. À vous."

Madereva wenzake walisema alibishana juu ya mbao. Wengine walisema hakubishana, alikaa kimya, na hicho ndicho kilichowaudhi. Mpaka leo sijui.

Nilimngoja afisa kwenye ngazi zetu. Nilikuwa nimepanga maneno kwa Kiingereza ili nionekane mtu aliyesoma, lakini alipofika yote yalikimbia. Nilimwambia kwa Kiswahili: kaka yangu amekamatwa kwenye kizuizi karibu na Beni, akiwa na lori lake, nakuomba unisaidie, sina mwingine wa kumwomba.

Alikunja uso. Alisikitika kweli, si kwa kujifanya.

"Pole sana, dada. Hiyo gari ni ya namna gani?"

Nikamwambia.

"Rangi?"

"Buluu. Mbele imeandikwa neno la Mungu."

"Tairi ni mpya?"

"Za nyuma ni mpya."

"Ilibeba mbao gani?"

"Libuyu."

"Libuyu ni mbao nzuri," alisema. Akafikiri kidogo. "Nenda nyumbani likizo. Usilie. Nitasema na vijana kule. Mambo yatafika kwenu."

Nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, kama tunavyowashukuru wakubwa. Niliposhuka ngazi zile nilihisi elimu yangu hatimaye imepata kazi. Nilituma habari nyumbani kwa foni: nimezungumza naye, amekubali.

Ilikuwa ndani ya basi, karibu na mpaka, ndipo lilipokuja wazo kwamba hakuniuliza jina la kaka yangu. Wala umri, wala sura. Nilijiambia hana haja ya kuuliza. Akilipata lori, atampata mwenye lori. Nilijiambia hivyo Kasindi, nikajiambia tena kwenye kizuizi cha Beni, ambako niliteremka na wenzangu wote kuonyesha karatasi, nikamtazama kila kijana mwenye bunduki usoni nikijaribu kuona kama ananificha kitu. Walikuwa vijana tu. Mmoja alikuwa anakula hindi la kuchoma.

Nyumbani nilipokewa kama niliyemleta kaka mimi mwenyewe. Mama alinishika mashavu akasema, "Wasingya," asante ya kwetu, anayoisema kwa watu wazima tu. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa amefua nguo zote za kaka na kuzipiga pasi. Tulingoja. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni, tukawa hatuoni barabara, tunasikia magari tu. Kila honi pale konani mama aliinua kichwa, kisha akaendelea kuchambua maharage. Baba alikuwa akitengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Alasiri moja honi ikalia. Sauti mbili, ile ya majivuno.

Sijui nieleze vipi furaha ile. Shemeji alikaa chini palepale alipokuwa. Baba alivua kofia. Mama hakukimbilia barabarani kama mimi. Aligeuka akaenda jikoni, nikasikia sufuria kubwa ikigonga mafiga na maji yakimiminwa. Lori likashuka polepole, buluu, na neno la Mungu mbele. Liliingia uani vizuri sana. Mlango ukafunguka, akateremka mtu ambaye hatujapata kumwona.

Alikuwa shofere wa kukodiwa, wa Beni. Alitusalimu. Alisema ametumwa alete gari, ameambiwa ni zawadi ya heshima kwa mwanafunzi wa nyumba hii, na hata mafuta yamelipwa.

"Na shofere yake?" baba aliuliza.

Yule mtu aliangalia chini. "Mie balinipatia funguo tu, mzee."

Kwetu shofere haachi lori lake akiwa hai. Hilo halihitaji kufundishwa. Majirani waliona kutoka milango yao nani ameteremka, na bila kuitwa wakaanza kuja, mmoja na kiti, mwingine na kuni, kama watu wanavyokuja kwenye matanga. Wanawake walianza kulia kabla hawajafika uani. Mama alitoka jikoni akawaambia wanyamaze.

"Mwili iko wapi?" aliuliza. "Muko nalilia nani?"

Walifuta machozi kwa vitenge. Moto waliuwasha hata hivyo, wakakaa. Mchungaji alipokuja hakujua aombe nini, kwa sababu hakuna maiti wala kaburi, akamwombea msafiri. Nilikaa nyuma ya nyumba na shemeji yangu. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, nilimwambia nini yule mwanajeshi. Nilimweleza neno kwa neno. Alinisikiliza, kisha akanishika mkono. Jikoni maji yalichemka mpaka yakapungua nusu.

Nilitaka kuacha masomo. Baba alikataa. Alisema mikaratusi haikukatwa ili mimi nikae hapa nikimtazama mama yangu. Akatafuta shofere mwingine, binamu yetu, na lori likarudi barabarani kubeba mbao, na lori hilo hilo ndilo lililonimalizia shule. Naandika hivi bila kupamba. Niliila ile shahada kama mgonjwa anavyokula, kwa kulazimishwa.

Afisa alinikuta kwenye ngazi siku ya kwanza ya muhula. Alikuwa anatabasamu.

"Gari ilifika?"

"Ilifika."

"Na mafuta nililipa mimi," alisema.

"Na aliyekuwa akiliendesha?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama aliyeuliza swali ambalo jibu lake liko ubaoni.

"Dereva? Si mmepata mwingine?"

Hakuwa ananidhihaki. Nilimtazama sana nione dhihaka, kwa sababu dhihaka ningeijibu. Alikuwa anauliza kweli, kwa wema, kama mwanafunzi mwenzangu. Nilimwambia ndiyo, tumepata. Akasema vizuri, akafungua daftari lake, akaniuliza kama nimesoma sura ya saba. Tangu siku ile nilisoma peke yangu, na kamusi. Nilipita, kwa shida. Siku ya kuvaa majoho alinipungia mkono kutoka safu ya mbele.

Nilirudi Butembo, na niko Butembo. Wanajeshi wale waliondoka baadaye, wakaja wengine, wa kwetu na wasio wa kwetu. Baba amekufa. Lori limezeeka lakini linatembea, na binamu yangu bado anapiga honi konani, hawezi kuacha, kona ile ni mbaya. Aliwahi kutaka kubadilisha honi ile ya sauti mbili, mama akamkataza.

Mama akiisikia anainuka. Sasa anashika ukuta. Anaweka sufuria kubwa motoni, anangoja, na maji yakiwa tayari anayamimina ndani ya beseni, anaweka sabuni pembeni na taulo juu ya kamba. Hamwiti mtu. Binamu yangu anaoga kwake. Mwanzoni maji yale yalipoa mpaka asubuhi na tukayamwaga kwenye bustani ya vitunguu, na mama aliyatazama yakimwagwa.

Siku hizi naoga mimi.