Nilipoambiwa Niache Wanga

Nilipoacha kutia sukari kwenye chai niliamini kazi imekwisha. Nesi wa kituo cha afya hapa Mikumi alikuwa amenichoma kidole, akatazama kipimo chake, akaniambia sukari yangu iko juu na uzito umezidi. Mimi nikashika hilo neno moja, sukari. Nikamkataza mke wangu asinitilie hata kijiko. Kila asubuhi nikanywa chai yangu nikiwa nimekunja uso kama mtu anayekunywa dawa, na kando ya kikombe kuna chapati tatu.

Niliporudi kupima, sukari ilikuwa imepanda zaidi. Nikamwambia yule binti kipimo chake kibovu.

"Mzee, asubuhi umekula nini?"

"Chapati."

"Na jana mchana?"

"Ugali. Jioni nikala wali, maana tulikuwa na wageni."

Akaweka kalamu mezani. "Basi sukari yako iko humo humo. Tatizo lako ni wanga. Ugali, wali, chapati, mihogo, viazi, vyote vikifika tumboni vinageuka sukari."

"Vyote?"

"Vyote, mzee wangu."

"Sasa chakula ni kipi?"

Alidhani namtania. Sikuwa namtania. Mimi nimezaliwa Rudewa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge ambako babu yangu alikuja kutafuta kazi. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na dada yangu. Miezi ile kabla ya mavuno, unga ukiwa umebaki chini ya debe, alikuwa ananisongea mimi kwanza, yeye anakwangua ukoko. Kwetu ugali ndio chakula. Samaki, nyama, mchicha, hivyo vyote ni mboga tu, vya kusindikizia. Mtu aliyekula samaki mzima bila ugali, ukimuuliza atakwambia bado hajala.

Nilipokuwa dereva wa malori nilikula hivyo hivyo na sikunenepa. Kitambi kilianza nilipostaafu, tukafungua gesti yetu ndogo kando ya barabara kuu. Nikawa mtu wa kukaa kwenye kiti getini, nikitazama malori yakipita kuelekea Iringa, na sahani inanifuata nilipo. Watu wakapita wakisema, "Mzee umenawiri! Pensheni imekukubali." Nilifurahi.

Basi nikajaribu kuacha. Sijui niielezeje hali ile. Mke wangu aliniwekea samaki, mchicha na kunde, nikala nikashiba, tumbo limejaa kabisa, kisha nikaendelea kukaa pale pale mezani. Akaniuliza nangoja nini. Nikagundua nangoja chakula kiletwe. Kichwa kiliniuma, nikawa mkali hata kwa wageni. Siku nyingine nilitoka kwenda kuangalia bomba linalovuja, nikajikuta nimesimama kwa mama wa chapati ng'ambo ya barabara, chapati mkononi, tena nimeshaimega. Sikumbuki niliamua saa ngapi kuvuka. Mke wangu akaanza kuufungia unga kwenye chumba kimoja cha wageni na kutembea na ufunguo kiunoni.

Pamoja na kuanguka huko kote, mwili ukaanza kupungua. Siku moja nikampigia dada simu Rudewa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona sauti imepungua?"

"Nimepungua mwili. Nesi amesema niachane na wanga, la sivyo utanimaliza."

Mtandao wa kule unakatakata. Mimi nilisema utanimaliza, yeye akasikia watanimaliza. Akasema, "Usile kitu cha mtu. Nakuja."

Nilidhani anakuja kunisalimia. Alishuka kwenye basi na mfuko wa unga na kuku hai, akaniona shati linavyoning'inia, akaanza kulia hapo hapo stendi. Mke wangu alipompokea mzigo, dada akamwachia kuku, mfuko wa unga akaung'ang'ania.

Chakula cha mchana kilipokuja akakitazama kwa muda.

"Wifi, ugali uko wapi?"

"Tumeuacha, wifi."

"Unga wenu uko wapi?"

"Nimeufungia."

Dada alinawa mikono bila kuonja kitu, akaniita nje, nyuma ya tangi la maji.

"Nani humu ndani anakukataza kula?"

"Mke wangu. Lakini ni nesi aliyesema niache wanga."

"Sasa si ndiye huyo!" Alikuwa ananong'ona huku akinivuta mkono. "Mchawi wako unalala naye kitanda kimoja, anakukausha taratibu, na wewe unamshukuru?"

Hapo ndipo nilipoelewa amesikia wanga gani. Nilipaswa kucheka, nimweleze. Lakini nilisimama tu kama mjinga, kwa sababu njaa ilikuwa imenichanganya kiasi kwamba, kwa kitambo kidogo, maneno yake yaliniingia. Ufunguo kiunoni. Mwili unaokwisha. Nikajiambia, mbona inafanana?

Jioni dada aliingia jikoni akasonga ugali wa unga wake. Aliuweka mbele yangu ukifuka moshi, akakaa karibu kama zamani, akingoja nimege. Nikamega. Tonge la kwanza lilinishusha mabega. La pili sikulisikia, wala yaliyofuata. Mke wangu alisimama mlangoni. Kumbe alikuwa dirishani tulipoongea kule nyuma, alisikia yote.

"Dada yako ameniita mchawi," alisema, "na wewe unamega tonge."

Nilitaka kumjibu. Mdomo ulikuwa umejaa. Akageuka akaenda zake, nami, Mungu anisamehe, nikamaliza sahani.

Asubuhi mwili ulikuwa mzito kama nimebeba mtu. Nikamwomba dada tuongozane kituo cha afya. Nesi akampa shikamoo, akamweleza kila kitu upya, taratibu, akitaja ugali, wali, viazi.

"Kwa hiyo wanga ni wa unga," dada alisema.

"Ndiyo, bibi. Wewe ulidhani wanga gani?"

Dada akainuka, akaniambia twende. Nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni, akavuta kigoda, akachukua fungu la mchicha, akaanza kuchambua.

"Wifi, nilisikia vibaya. Nisamehe."

"Yameisha, wifi," mke wangu alisema, ila hakuinua uso, na sauti yake haikuwa ya mtu ambaye yamemwishia. Ilipita muda kabla hawajaanza kupigiana simu.

Kabla ya kupanda basi dada aliniuliza, "Kwani mimi nilikulisha nini miaka yote ile?"

"Ulinilisha chakula, dada."

"Sasa kimegeukaje ugonjwa?"

Nilimjibu kama nesi alivyoniambia, kwamba wakati ule nilitembea na kulima, sasa nakaa na umri umekwenda. Akatikisa kichwa. Sidhani nilimridhisha. Mimi mwenyewe sijaridhika.

Sasa hivi sukari imeshuka, ingawa vidonge alivyonipa nesi bado nameza. Ugali nakula mchana tu, wa kadiri ya ngumi, na mke wangu ndiye anayepima ngumi ya nani. Miguu iliyokuwa ikiniwaka moto usiku haichomi tena. Lakini wale walionisifia kitambi sasa wananionea huruma. Dereva mmoja wa zamani alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama nimeshapima. Nikamwambia nimepima, na kwamba sijawahi kuwa mzima hivi. Aliniangalia kama mtu anayedanganywa.

Mwezi uliopita tulikwenda harusini Kilosa. Mama mwenye upawa akanitilia pilau kidogo kama nilivyomwomba, akaniangalia, akasema, "Niongeze, baba?" Harufu ya iliki ilinipanda hadi kichwani. Nikamwambia inatosha. Nikala taratibu, nikaimaliza, nikarudisha sahani mwenyewe. Mke wangu aliniuliza nimeshiba. Nilifikiri kwa muda mrefu, watu wakipita katikati yetu na soda, nikamwambia ukweli, kwamba sijui.