Waya Ndani ya Mwarobaini

Kuna siku moja haijanitoka akilini, mwanangu, na nimetafuta nafasi ya kukusimulia tangu uliponionyesha hiyo kamera yako mpya. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2013, Kakuma, na mama mmoja ninayemheshimu alinirudishia picha zangu mkononi akasema, "Binti, umefuta nyumba yangu."

Ngoja nianze mbali kidogo. Usiniharakishe, na usicheke nikijiita mzee. Mvi zangu bado ni chache, lakini katika kazi hii ya picha nimekula chumvi ya kutosha.

Mwaka uliotangulia nilikuwa msichana wa studio hapa Lodwar. Kazi yangu ilikuwa picha za kitambulisho: kitambaa cha bluu nyuma, kaa wima, usicheke, haya, mwingine aingie. Kamera ya studio ilikuwa kubwa, ilikuwa mali ya mwenye studio, na haikutoka mlangoni ila kwa harusi. Halafu mgeni mmoja aliyekuwa amemaliza kazi yake na anarudi kwao akaniuzia yake, iliyotumika, kwa bei nafuu ya mtu anayetaka kupunguza mizigo. Ilikuwa moja ya zile ndogo zisizo na kioo ndani, ambazo picha unaiona kwenye skrini kabla hujabonyeza. Iliingia kwenye mkoba wangu pamoja na kitana na mafuta ya kujipaka, na popote nilipokwenda tulikwenda wote.

Kasoro zake nitakuambia, maana na yako inazo. Ilikula betri kwa pupa; ukiisahau imewaka, jioni huna kitu. Tena siku ya kwanza kubadilisha lenzi nilisimama barabarani na upepo wetu huu wa Lodwar unavuma, vumbi likaingia ndani, na baadaye kila picha ilikuwa na madoa angani kana kwamba tumevamiwa na nzi. Tangu hapo nikawa nabadilishia lenzi ndani ya mfuko wa plastiki, mgongo nimeupa upepo. Watu walidhani naficha mirungi.

Lakini nilikuwa nimependa jambo moja kupita yote. Mgeni yule alinipa na lenzi ya pili, ambayo ilifanya uso wa mtu ung'ae mbele na kila kilicho nyuma yake kiyeyuke. Niliona hiyo ndiyo picha ya fundi. Nikayeyusha soko, nikayeyusha mto Turkwel, nikayeyusha mbuzi na wenye mbuzi.

Mama huyo, Mama Deng, alikuwa mkimbizi wa Sudan Kusini aliyeuza chai na mandazi karibu na kanisa, ndani ya kambi ya Kakuma. Tulijuana nilipokwenda kuwapiga picha wanakwaya. Aliingia kambini na Deng, mwanawe wa kwanza, akiwa mgongoni, na Nyibol na mdogo wao wakazaliwa humohumo kambini. Mumewe alikuwa akija na kurudi vitani, mpaka safari moja hakurudi. Mama Deng akawalea wale watatu peke yake kwa birika na kikaango.

Sasa nchi yao ilikuwa imepata uhuru, na shemeji zake walikuwa wamemtumia neno arudi na watoto. Lakini walikuwa wamesikia maneno pia. Kwamba ameolewa kambini. Kwamba watoto wanazurura. Kwamba hata hao wawili wa mwisho hawajulikani ni wa nani. Angefika kule bila mtu wa kumsemea, na neno la shemeji ndilo lingeamua kama watoto wake watapewa mahali kwenye ukoo wa baba yao au watasimama nje. Kwa hiyo aliniomba picha za kwenda nazo, na lori la kwenda Nadapal, mpakani, lilibakiza siku chache.

Nilimpiga kwa ile lenzi yangu ya kujivunia. Mwanangu, zilikuwa nzuri. Nikazitoa kwenye karatasi hapa Lodwar, nikarudi nazo Kakuma nikitembea kwa maringo. Alifuta mikono kwenye khanga, akazitazama moja moja, na alichukua muda.

"Huyu ni mimi," akasema. "Mzuri. Lakini nyumba iko wapi?"

"Nimeiondoa kidogo, Mama, ili uso wako uonekane."

"Uso yangu wanajua. Shemeji yangu alicheza na mimi ngoma hata sijaolewa. Kitu hawajui ni mahali mimi nimelala hii miaka yote. Binti, umefuta nyumba yangu."

Niliumia. Nilidhani nimempa kitu cha thamani, na yeye ananirudishia kama mandazi yaliyoungua. Nikamwambia kwa kiburi cha ujana kwamba watu wa Nairobi wanazilipia picha za namna hiyo. "Basi peleka Nairobi," akasema, kisha akanimiminia chai, akanisogezea kibao nikae. Chai yake ilikuwa tamu, nikakaa.

Kesho yake asubuhi nilirudi na lenzi ile ya kawaida, niliyokuwa nimeidharau. Nikapunguza mwanya wa mwanga, ili aliye mbele na kilicho nyuma vionekane sawasawa. Mama Deng alikuwa ameshawapanga watoto mbele ya nyumba, wameogeshwa na kupakwa mafuta, mikono ubavuni, hata Deng aliyekuwa na ndevu. "Usikate mtu miguu," akanionya. "Mtu bila miguu ni mgonjwa." Nikawapiga na miguu yao yote, na ukuta wa udongo, na mabati.

"Sasa, Mama, fanya kazi yako," nikamwambia. "Mimi sipo."

Hapo ndipo nilipoijua ile kamera. Kubwa ya studio ingewakausha wote. Hii ndogo walicheka nayo asubuhi, na kufika saa sita walikuwa wameisahau. Nilikuwa naizima kila baada ya picha ili betri ifike jioni. Nikampiga akikanda unga. Nikapiga benchi la wateja lililolainika kwa kukaliwa, na Nyibol akimsuka jirani, na ua wa miiba ambao mama yule aliufunga mwenyewe.

Na kulikuwa na mwarobaini. Aliupanda mwaka aliofika, na ulipokuwa bado mwembamba akaufunga waya wa kuanikia nguo. Mti ukanenepa, hakuna aliyekumbuka kuulegeza waya, mti ukaumeza. Ukiutazama, waya uliingia ubavuni mwa shina na kutokea upande wa pili, na gome limefunga kabisa. Mama Deng alikuwa anaanika hapo nilipobonyeza.

"Hata nguo za ndani za watoto unapiga?"

"Hata hizo."

"Shemeji zangu watasema nini?"

"Watasema zimefuliwa."

Alicheka mpaka akakosa nguvu za kuinua beseni. Ile nikaitoa pamoja na nyingine, ingawa alisema ni kuharibu karatasi.

Aliondoka na picha zake kifuani, ndani ya nailoni. Baada ya muda dereva mmoja wa njia hiyo aliniletea salamu. Alisema shemeji mkubwa alizitazama zote, akaichukua ile ya watoto waliopangwa akaiweka kwake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena watoto ni wa nani. Nilifurahi sana, mwanangu. Nilidhani hadithi imeishia hapo.

Kisha mwisho wa mwaka huohuo vita vikaanza tena kule kwao. Karibu na Krismasi nilikuwa Kakuma kwa ajili ya kwaya, nikawaona watu wanaoshushwa kutoka Nadapal, na miongoni mwao Mama Deng na watoto wake watatu. Walikuwa wazima. Hawakuwa na godoro wala sufuria. Nikamwambia "Ejok, Mama," salamu yetu ya kila siku, na yeye akanishika mkono tu. Akaniomba nimsindikize pale alipokuwa akiishi kabla ya kuondoka.

Tulikuta familia ya Kikongo. Mama wa nyumba alisimama mlangoni na mtoto kiunoni, na nilimwelewa, maana siku hizo kila mtu alikuwa anatafuta pa kulala. Mama Deng hakubishana. Akatoa nailoni yake, akampa picha moja baada ya nyingine. Birika, mama yule akatikisa kichwa. Benchi, akatikisa kichwa. "Mama, nyumba za huku zote zinafanana," akasema kwa upole.

Akafika kwenye ile ya nguo. Akaisogeza karibu na macho. Akaenda nayo mpaka kwenye mwarobaini, akatia kidole pale waya unapoingilia.

"Njo wewe huyu?" akauliza, yaani ndiye wewe huyu kwa Kiswahili cha kwao. "Kila siku siye tunajiuliza nani alifungaka huu waya."

"Ni mimi," Mama Deng akasema. "Ilikuwa mti kidogo kama mkono ya mtoto."

Yule mama akasogeza nguo zake upande mmoja wa waya. "Nafasi iko kidogo," akasema. "Lakini ingia." Jioni ile nguo za familia mbili zilikuwa zinakauka pale, na Mama Deng akaniegemea begani akaninong'oneza, "Binti, nguo za ndani zimenirudisha nyumbani." Mimi nililia, yeye akacheka.

Sasa nisikilize vizuri. Kamera yako ni ndogo ili utembee nayo, si ili uifungie kabatini ikingoja harusi. Itembeze sokoni, dukani, kwa bibi yako anapochagua mchele. Kabla hujayeyusha kilicho nyuma ya mtu, muulize kama yuko tayari kukipoteza. Kaa naye mpaka akusahau. Usikate miguu. Piga na vitu unavyovionea haya, beseni, waya, kibao kilichovunjika mguu, kwa sababu wewe na mimi hatujui ni kipi kati ya hivyo mtu atakuja kukihitaji kimtambulishe. Na kinga lenzi na vumbi, nisirudie kukuambia.

Akuj, Mungu wetu, akupe mvua mahali unapopanda, na macho yanayoona hata kisichopendeza. Wale utakaowapiga picha wakae salama makwao. Na kama siku moja wewe nawe utarudi na mikono mitupu kwenye mlango wako wa zamani, umkute mtu wa kukusogezea nguo zake.