Soya ya Kusafishia Mashine

Siku hiyo tulikuwepo mie Zakaria. Mdogo wangu Vero, ambaye ndiye alikuwa mbele akizungumza. Bi Salma, jirani yetu mwenye duka pale Kiwalani. Profesa anayemsimamia Vero. Na wanafunzi wenzake waliojaa ukumbini, na wote hao waliniona nikijiaibisha, kwa hiyo sina wa kumbishia, bora nisimulie mwenyewe kabla Bi Salma hajawasimulia kwa chumvi zake.

Vero anasomea kutengeneza dawa. Alikuwa anachunguza mizizi ya mti mmoja wa kwetu Singida, akitafuta humo kemikali inayofanya kazi kama homoni ya kike, ili siku moja ipatikane dawa ya akina mama ambao hedhi imekoma, wale wanaoamka wameloa jasho. Sasa mashine ya kusagia ya maabara yao ikaharibika, na mie kazi yangu ni kusaga unga wa lishe (wazazi walipofariki niliacha shule, na mashine hiyo ndiyo iliyotulea), nikamwambia leta mizizi yako hapa, kwani hii si mashine? Akaleta, akanisisitizia, "Kaka, isafishe vizuri kwanza." Nami nikaisafisha kama tunavyofanya wasagaji wote, kwa kupitisha nafaka kidogo ifagie mabaki ya mteja aliyetangulia, ila kwa kuwa yalikuwa mabaki ya dagaa na harufu yake mnaijua, na kwa kuwa ni mdogo wangu, sikutumia mahindi, nikatumia soya, tena soya nzuri niliyoichambua kwa mkono.

Majibu yakatoka mazuri ajabu. Siku ya kuyawasilisha, siku ambayo Profesa angeamua kama Vero anahitimu mwaka huu au la, tukaalikwa. Vero alipoonyesha ukutani mchoro wa mstari uliopanda juu, Bi Salma akapiga vigelegele (kwenye ukumbi wa chuo kikuu, jamani!), nami nikasimama kupiga makofi peke yangu.

Profesa akasubiri tukae, akauliza kwa upole, "Veronika, mizizi ya kwanza tuliyosaga hapa maabara haikuonyesha kitu, hii ya pili imefanya maajabu. Ilisagwa wapi?"

Kabla Vero hajafungua mdomo, mie nikanyoosha mkono.

"Shikamoo Profesa. Nilisaga mie."

"Marahaba. Mashine uliisafisha?"

"Sana! Kwa soya."

"Soya?"

"Mwambie ni soya ya namna gani, Zaka, usione haya!" Bi Salma akanichochea.

"Daraja la kwanza, Profesa," nikasema, nimetanua kifua.

Profesa akavua miwani, akanieleza kwamba soya ina kemikali zinazofanana na homoni ya kike, maana yake vipimo vya Vero vilikuwa vimeipima soya yangu. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Basi si ningenyamaza? Wapi! Nikasema, "Kama tatizo ni soya, nyumbani mahindi yapo, narudia leo leo." Wakacheka upya, mmoja wa nyuma akasema, "Braza, kaa chini, utamaliza stoo."

Nikamtazama Vero. Nilidhani atanikana, maana ningekuwa yeye ningejifanya simjui mtu yule. Akasogeza kipaza sauti.

"Huyu ni kaka yangu," akasema. "Nimefika hapa kwa mashine hiyo. Nilimwambia asafishe, akasafisha, sikumuuliza anatumia kitu gani. Mtafiti ni mie, kosa ni langu."

Kicheko kikakatika. Profesa akasema afadhali limejulikana humu ndani kuliko baada ya akina mama kupewa matumaini ya uongo, majibu yale yanafutwa, Vero arudie kwa mizizi mipya mvua zikiisha. Nje nilianza kuomba msamaha, akanikatisha, "Kaka, njaa inauma, tutafute chipsi." Namshukuru Mungu kwa mdogo wa namna hii, na nimeapa, nikialikwa tena popote penye maswali, mikono yangu yote miwili nitaikalia.

Wenzake wamehitimu juzi. Tulikwenda kuwashangilia, mie na Vero, tumekaa upande wa wageni, na yeye ndiye aliyepiga makofi kuliko wote, akiwaita mmoja mmoja kwa jina. Mizizi mipya bado inakauka. Joho lake nadaiwa mie.